Mtemi Niliyemfunika kwa Kwaya

Simu iliita saa tatu asubuhi, nikiwa barazani nasafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti. Namba sikuijua. Aliyeongea alikuwa mwanamume mtu mzima, mwenye adabu.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye mzee wa sauti za kale? Uliyehojiwa redioni Jumapili?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi ni mjukuu wa yule mtemi uliyemtaja. Mama yangu ni binti yake, ndiye pekee aliyebaki. Hatukujua kabisa kwamba sauti ya babu ipo. Tangu Jumapili mama hali vizuri, anauliza tu, huyo mtu wa redioni anakuja lini?"

Pamba ilinidondoka. Nakumbuka niliitazama pale sakafuni kama vile yenyewe ndiyo ingejibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, neno moja tu, tena kwa simu, bila kumtazama mtu usoni. Badala yake nikasema, "Nipe wiki mbili niutafute mkanda." Akanishukuru mara tatu. Nilipokata simu nikakaa chini kwenye saruji, mzee wa miaka sabini na sita.

Mkanda haukuhitaji kutafutwa. Ulikuwa chumbani, kwenye boksi la viatu, na nilijua hasa kilichomo. Sauti ya mtemi haikuwemo. Niliifuta mwenyewe.

Niseme jinsi ilivyokuwa. Mimi ni Msandawe wa upande wa Chemba, lugha yetu ni ile yenye milio ya kugonga ulimi. Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa ukarani katika ofisi ya utamaduni ya wilaya, huku Ugogoni. Kazi ilikuwa kwenda vijijini na mashine ya kurekodi, kukusanya maneno ya wazee. Utemi ulikuwa umekwisha kufutwa miaka mingi nyuma, lakini watu walikuwa bado wanamwita mtemi yule mzee aliyeishi kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, ng'ambo ya Kongwa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, fimbo mkononi. Alikuwa na kigugumizi. Neno likimkwama, aligonga fimbo chini mara mbili, ko, ko, ndipo litoke.

Mimi kijana, na suruali yangu pana chini, niliona kigugumizi kile kitaniharibia kazi. Kila alipokwama nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, fimbo ikilia nikaachia nisikose neno. Kwa hiyo milio ya fimbo ilibaki mkandani, ila kukwama kwake nilikukata kote. Nilijisifu kwamba nimempa mtemi ulimi mwepesi. Hilo ni kosa la kwanza. Katikati ya mazungumzo aliinyooshea mashine fimbo, akanicheka: "Hiki chombo chako kinakula maneno tangu asubuhi. Kitashiba lini?" Mwishoni aligeuza kichwa akasema maneno machache ya haraka, kwa sauti ya juu. Kigogo changu kilikuwa kichanga: nilimfuata alipoongea polepole, haya ya haraka sikuyaelewa. Kwenye fomu nikaandika: amefunga kwa methali.

Kosa la pili lilikuja miaka kadhaa baadaye, wakati wa uhaba. Wenye umri wangu wanaukumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na kaseti tupu ndiyo usiseme. Mke wangu alikuwa Mgogo na mwimbaji wa kwaya. Pasaka ile alipewa kuongoza wimbo peke yake, na aliniomba kitu kimoja tu, nimrekodi. Kaseti ya mtemi ilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeitoa ofisini ili niandike maneno yake, sikuyaandika, sikuirudisha. Mgongoni mwa kaseti nilikuwa nimevunja vile vijino viwili vya plastiki, maana vikishavunjwa kaseti haikubali kurekodiwa tena. Lakini nchi nzima ilijua dawa yake. Unakunja kipande cha karatasi, unaziba tundu, mashine inadanganyika. Nilikunja karatasi. Nakumbuka hata karatasi yenyewe, kipande cha fomu ya ofisi. Nilijiambia nitampata mtemi siku nyingine, nitamrekodi upya. Mtemi akafa kabla ya mavuno.

Sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nilipostaafu nikaanza kukusanya. Santuri za hotuba za Uhuru, mahubiri ya maaskofu waliokufa zamani, mikanda ya machifu na wapigania uhuru iliyorekodiwa na wageni ikasahaulika stoo. Watu waliniletea nyumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu hapa mjini, kwa mifuko ya rambo. Majirani walidhani nina mapenzi ya historia. Mapenzi yapo, lakini aliyekuwa akinisukuma ni yule mzee wa fimbo. Nilidhani nikiokoa sauti mia moja, ile moja itasahaulika.

Halafu vijana wa redio wakaja kunihoji, wakaniuliza nilianzaje. Na mimi, kwa kutaka sifa, nikasema: "Nilianza kwa kumrekodi mtemi mwenyewe, uso kwa uso." Hilo halikuwa uongo. Mtangazaji akauliza kama mkanda upo. Nikasema, "Upo." Hilo nalo si uongo, ukitaka kujidanganya.

Wiki mbili zile sikulala usingizi wa kushiba. Nilikuwa na mkanda mwingine, hauna jina, nilioletewa ndani ya redio mbovu: mzee anaongea Kigogo, kwa utulivu, juu ya ukame na ng'ombe. Nilipoukumbuka niliogopa zaidi, kwa sababu nilijua papo hapo nitaufanyia nini. Nilibishana na nafsi yangu kama wakili. Yule mzee hana kigugumizi? Hata mkanda halisi haukuwa nacho, nilikikata mwenyewe. Binti ana zaidi ya miaka themanini, macho yamefifia, na masikio je? Baba yake alikufa miaka mingi iliyopita. Na akifurahi, nani ameumia?

Asubuhi ya safari niliziweka mifukoni kaseti zote mbili. Mfuko wa kulia yule mzee asiye na jina, wa kushoto ile ya kwaya. Nilisema nitaamua nikifika. Mtu anayesema hivyo ameshaamua.

Mjukuu wa mtemi alikuja kunichukua kwa pikapu yake. Ni mkulima wa alizeti, mtu wa miaka hamsini na kitu, mcheshi. Njia nzima alinitania.

"Mzee, nyie wenye kugonga ulimi, babu yangu alikuelewaje?"

"Nilimsalimia Kigogo."

"Mbukwa moja tu, halafu?"

"Halafu nikanyamaza, nikabonyeza."

Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi nilicheka pia, lakini mkono wangu ulikuwa mfuko wa kulia, na kaseti ilikuwa imelowa jasho.

Nilitegemea kumkuta mama mmoja na jamaa wawili watatu. Nilikuta watu wamejaa uani. Mbuzi ameshachunwa. Viti vya plastiki vimepangwa, vingine vimeazimwa kanisani. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa huyu mjukuu, alikuwa ameandaa simu yake kwenye kijiti ili kurekodi kila kitu kwa ajili ya kundi la ukoo. Ndugu wa Dar, wa Mwanza, hata mmoja aliye Oman, walikuwa wakisubiri.

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye mkeka, amejifunga kanga mpya. Nikainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe kijana wa kile kisanduku?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa mwembamba."

"Nimezeeka, mama."

"Kaa hapa, karibu na mimi. Nipe mkono." Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. "Mbona unatetemeka?"

"Ni uzee."

"Mimi nimekuzidi, na sitetemeki."

Watu wakacheka. Niliweka redio kaseti juu ya kigoda, nikafungua kifuniko, na mkono ukaingia mfuko wa kulia. Sitasema shetani alinisukuma. Nilijua ninachofanya. Niliona nyuso zile zote, na nyama ikichemka, na simu kwenye kijiti, nikaogopa nyuso kuliko nilivyoogopa dhambi. Nikabonyeza.

Mkanda ulikwaruza, kisha sauti ikatoka. Mzee yule alizungumza juu ya mwaka wa njaa, jinsi watu walivyokula ngozi. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, sikio likielekea kwenye spika, na hakuuachia mkono wangu. Niliona midomo yake ikikaza. Dakika tatu, nne. Mzee alipokoma, mtu alipiga kigelegele, wengine wakaitikia. Mwanaume mmoja alifuta machozi kwa kofia. Mwalimu akainua simu: "Nimeshatuma! Aliye Oman analia huko!"

Bibi hakupiga kigelegele. Alisema tu, "Nendeni mkale. Mimi na mgeni tutakula baadaye." Wakatii, wakahamia upande wa jikoni kwa kelele. Tukabaki wawili. Vidole vyake vilinikaza.

"Fimbo iko wapi?" aliuliza.

Nikajifanya sijasikia.

"Nakuuliza, kijana. Baba hakumaliza maneno matano bila kugonga fimbo. Na huyo uliyemleta ni mtu wa upande wa Manyoni. Husikii anavyovuta maneno? Watoto hawa hawajui, wamekulia mjini. Wewe unajua?"

Sikujua. Kigogo changu ni cha mke wangu na jikoni kwake. Kwangu Mgogo ni Mgogo. Lakini la fimbo nililijua. Katika ubishi wote ule na nafsi yangu nilikuwa nimekitafutia kigugumizi sababu, na fimbo nikaisahau, fimbo ambayo mkandani niliiacha mwenyewe.

"Siyo yeye, mama," nikasema.

"Yeye yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilianza na karatasi iliyokunjwa, nikarudi nyuma kwenye kukata kigugumizi, nikaja mbele kwenye redio na maringo yangu. Sikupanga maneno. Nilimwambia mkanda wenyewe uko mfuko wa kushoto, na ndani yake hamna baba yake. Nilitegemea auachie mkono wangu. Hakuuachia. Nilisikia kuku wakiparua kando ya mkeka, na upande wa pili watu wakiendelea kucheka.

"Waite," alisema.

"Mama, naomba..."

"Waite wewe mwenyewe. Mimi sina sauti."

Nimewahi kuogopa maishani. Nimewahi kulazwa nisijue kama nitaamka, nimewahi kukutana na fisi njia ya Chemba nikiwa na baiskeli isiyo na breki. Hakuna kilicholingana na kusimama pale na kuita watu waliokuwa na minofu mikononi warudi wasikie kwamba nimewadanganya. Nilisema kwa ufupi kwa sababu pumzi haikutosha. Mtemi wenu nilimfuta. Mliyemsikia ni mtu mwingine. Nilijua.

Kisha mjukuu, yule mcheshi, akasogea mpaka akanikaribia kabisa. Hakuwa anacheka.

"Mzee. Umenifanya niutumie ukoo mzima baba wa watu wengine."

"Ndiyo."

"Kuna mtu amelia Oman."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanao." Akamgeukia binti yake. "Futa."

"Baba, wameshawatumia wengine," mwalimu alisema polepole. "Haifutiki tena."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichofanya. Mzee wa Manyoni, ambaye labda naye ana mjukuu mahali anayemtafuta, sasa alikuwa kwenye simu za watu kwa jina la mtemi asiyemjua. Mimi niliyejigamba kuokoa sauti za watu nilikuwa nimefuta moja na kuizika ya pili chini ya jina la kwanza. Mwanaume mmoja nyuma alisema nirudishwe barabarani sasa hivi nitafute lifti. Wengine wakaitikia kwa miguno.

"Ni nani anayemfukuza mgeni wangu?" Bibi alisema. Miguno ikakoma. "Kijana. Weka huo mwingine."

"Mama, ni kwaya tu."

"Nataka kukisikia kilichomfunika baba yangu."

Niliutoa mkanda mfuko wa kushoto. Kile kipande cha karatasi bado kilikuwa kwenye tundu, kimekuwa cha njano. Niliuweka, nikabonyeza huku nikiwa nimefumba macho. Ilikuja ngoma, kisha sauti za wanawake, kisha zikashuka na sauti moja ikabaki juu, ya msichana wa miaka ishirini na kitu, nyembamba, haina woga hata kidogo. Ni miaka tisa tangu nimzike mke wangu. Huwa sichezi mkanda ule zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa kuogopa usije ukachakaa, na kila nikiucheza namsikia yeye na aibu yangu kwa pamoja. Nilimwambia bibi ni nani.

Alisikiliza wimbo mpaka mwisho.

"Alijua alikuwa anaimba juu ya nini?"

"Hapana. Hakujua mpaka anakufa."

"Basi yeye hana kosa. Anaimba vizuri. Huyo ni wa kwetu kabisa, wa huku huku." Aligusa redio kwa kidole. "Ukiondoka ondoka naye. Lakini kwanza sema."

"Niseme nini, mama?"

"Ulikaa na baba asubuhi nzima. Waliokuwepo wote wamekufa. Mimi nilikuwa jikoni, sikusikia. Masikio yaliyobaki ni yako. Sema alichosema."

Nilitamani anitukane. Kuna wakati mtu anaomba apigwe ili mambo yaishe. Nilimwambia kumbukumbu ya mzee haiaminiki, kwamba nitaongeza, nitapunguza, kwamba yeye mwenyewe ameona mimi ni mtu wa namna gani.

"Nimeona. Ukidanganya nitajua. Si nimejua?"

Nilimwomba mwalimu awashe simu yake tena. Nilitaja jina langu kwanza na umri wangu, nikasema hii si sauti ya mtemi, ni ya karani aliyeifuta. Kisha nikaomba fimbo. Mjukuu alinitazama, akaingia ndani ya nyumba, akatoka na fimbo nyeusi, fupi, iliyochakaa kichwa. Sikujua kama ni yenyewe na sikuthubutu kuuliza.

Nilianza. Alisema juu ya mvua, kwamba watu wanadhani mtemi anaileta, wakati kazi ya mtemi ni kukaa njaa pamoja nao mpaka ije. Pale alipokwama nilikwama, nikagonga ko, ko. Nilirudisha kila kigugumizi nilichokikumbuka. Bibi alinisahihisha mara mbili: mara ya kwanza juu ya mahali pa kisima, mara ya pili alisema, "Hapo gonga tena, hapo lazima aligonga tena." Niliposema lile la chombo kisichoshiba, mjukuu alicheka kidogo kwa pua, akajizuia. Nilihisi mtemi amekaa mahali fulani nyuma ya shingo yangu, ananisubiri nikosee.

Nikafika mwisho. "Kisha alifunga kwa methali," nikasema, "lakini sikuielewa. Nakumbuka mlio tu."

"Toa huo mlio."

Niliutoa kama nilivyoubeba miaka yote, bila maana, kama mtu anayeiga ndege. Bibi akanitaka niurudie. Niliurudia, na uso wake ukafanya kitu ambacho haukukifanya mkanda ulipokuwa ukicheza.

"Methali gani!" alisema. "Hilo ni jina langu la utotoni. Alikuwa ananiita mimi. Alikuwa anasema, lete togwa, kijana wa watu ana kiu." Alifunika macho kwa ncha ya kanga. Mwalimu alishusha simu, akaiinua tena. Bibi aliuliza kutoka nyuma ya kanga, "Na nilileta?"

"Ulileta, mama. Ilikuwa imechacha."

"Mwongo," alisema. "Togwa yangu haijawahi kuchacha."